Somo la 31: Maji ya Beseni Moja

Mama amepika bugali na ndakala. Harufu imefika mpaka kiwanjani, na watoto wanakuja mbio. Mama analeta beseni la maji, analiweka katikati. Baba ananawa wa kwanza. Kisha mjomba, kisha kaka wakubwa. Mwisho kabisa ananawa mtoto mdogo. Tazameni maji aliyobakiziwa: yamekuwa meusi kama maji ya matope.

Je, mtoto huyo amenawa? Hapana. Amechovya mikono yake katika uchafu wa wote waliomtangulia.

Mimi ninayewaandikia somo hili nilikosa vilevile. Nilipoanza kufundisha katika shule moja karibu na ziwa Tanganyika, niliweka ndoo moja ya maji mbele ya mlango wa kalasi. Kila mtoto aliyetoka chooni alichovya mikono ndani yake. Nilifurahi, nikajisifu kidogo. Baada ya siku chache watoto wengi walianza kuhara, na mabenchi yakabaki matupu. Mganga wa dispanseri akaja, akaitazama ndoo yangu, akaniuliza: «Furere, nani ananawa wa kwanza, na nani ananawa wa mwisho?» Sikuwa na jibu. Jioni ile tulitoboa kopo tupu kwa msumari, tukalitundika mtini kwa kamba. Mtoto mmoja alimimina maji ndani, mwenzake akanawa chini yake. Maji machafu yalianguka mchangani, hayakumrudia mtu mwingine.

Katika mavi ya mgonjwa mna vidudu vidogo sana, jicho haliwezi kuviona. Vingine vinaleta kipindupindu, vingine kuhara damu. Mna pia mayai ya minyoo. Vinatoka chooni kwa mkono, mkono unashika bugali, bugali inaingia kinywani. Njia ni fupi hivyo. Wengine wanasema ni kosa kula kwa mkono. Si kweli: mkono safi unapita kijiko kichafu.

Sasa jaribuni neno hili shuleni. Mtoto mmoja apakwe mafuta ya mawese mikononi, kisha vumbi la makaa juu yake. Anawe kwa maji tu. Weusi unabaki, sivyo? Maji na mafuta havipatani. Sasa apewe sabuni. Sabuni inashika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande mwingine, na hivyo uchafu unang'oka, unakwenda zake pamoja na maji. Tazameni vizuri mahali weusi unapokawia kutoka: kati ya vidole, kwenye kidole gumba, chini ya kucha. Ndipo vidudu vinapojificha. Basi sugueni huku mkihesabu polepole mpaka 20. Pasipo sabuni, tumieni majivu safi ya jikoni. Kisha acheni mikono ikauke kwa upepo. Anayeifuta kwenye kaputula aliyochezea mpira amejichosha bure.

Waganga wenyewe waliwahi kukosa. Mwaka 1847, katika hospitali moja kubwa ya mji wa Vienna, kule Ulaya, mlikuwa na vyumba vya namna mbili kwa mama wanaozaa. Huku walisaidiwa na wakunga, kule na waganga pamoja na wanafunzi wao. Kwa waganga mama wengi zaidi walikufa kwa homa. Kwa nini? Waganga hao walipasua maiti ili kujifunza, kisha wakaenda kuwagusa akina mama. Mganga mmoja wa Hungaria, jina lake Ignaz Semmelweis, aliamuru wote wanawe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa 4 wa mwaka ule, katika mama 100 walikufa 18. Mwezi wa 6 walikufa 2 tu. Hata hivyo wakubwa wengi hawakumsadiki, maana ni uchungu kuambiwa kwamba mikono yako mwenyewe imeua. Alikufa mwaka 1865, na sifa yake ilikuja nyuma.

Labda mtoto mmoja anawaza: «Nyumbani kwetu ni beseni moja. Mimi mdogo, nitawafundishaje wakubwa?» Usiwafundishe. Chukua kopo la maji na kipande cha sabuni, piga magoti mbele ya baba, sema: «Baba, nikumiminie.» Beseni liwe chini, la kupokea maji machafu tu. Fanya vile kwa mjomba na kwa kaka zako. Hakuna mzee atakayekataa heshima hiyo. Na zamu yako ikifika, mwombe dada yako akumiminie wewe pia.

Maulizo
1. Kwa nini watoto waliugua, ingawa kila mmoja alinawa?
2. Sabuni inafanya nini ambacho maji peke yake hayawezi?
3. Nyumbani kwenu nani ananawa wa mwisho? Kwa maji gani?
4. Tengeneza kopo la kunawia, ulilete shuleni Jumatatu.