Kaka Haamini, Lakini Aliomba

SWALI: Kwetu Muheza upande wa baba ni Waislamu na upande wa mama ni Wakristo, na tumelelewa hivyo hivyo bila ugomvi. Kaka yetu mkubwa aliacha dini zote mbili tangu akiwa chuoni, na hafichi. Mwaka huu mama alipata kiharusi; mkono na mguu wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Kanisani walifunga na kuomba, kwa baba mdogo ikasomwa dua. Usiku mmoja wodini nilimkuta kaka ameinamia kitanda cha mama, anasema, "Kama upo, mwachie mama yangu." Sasa mama anatembea kwa fimbo. Mjomba, ambaye ni mzee wa kanisa, anasema sala ya kaka ilikuwa kama kupiga simu bila salio. Baba mdogo anasema dua ya kafiri hupotea tu. Mama mkubwa anasema la, Mungu amemjibu ili arudi, na Jumapili ijayo anataka kaka asimame kutoa ushuhuda. Kaka ameniuliza mimi: "Yangu ilihesabiwa?" Nimwambie nini?
Dada Mtu, Muheza

JIBU: Poleni kwa kuuguza, mwanangu. Wakubwa wako watatu wamekupa majibu matatu, na kila mmoja ana uhakika kuliko kitabu anachokitegemea. Nianze na mjomba, maana nadhani najua alikolitoa neno lake. Kauli kwamba Mungu hawasikilizi wenye dhambi imo kweli katika Injili ya Yohana, sura ya 9. Lakini anayeisema si Yesu wala si mtume. Ni yule mtu aliyezaliwa kipofu, akibishana na Mafarisayo waliokuwa wakimhoji baada ya kupata kuona, naye anamtetea aliyemponya kwa hoja ambayo wao wenyewe wangeikubali. Tena soma mbele kidogo. Mtu huyo anaulizwa baadaye kama anaamini, na jibu lake ni kuuliza huyo wa kuaminiwa ni nani. Macho alikwisha kuyapata, na sura nzima haionyeshi mahali alipoyaomba. Mjomba amechukua maneno ya mtu aliyeponywa kabla ya kuamini, akayafanya kufuli la kumfungia nje asiyeamini. Na kama anataka ushahidi zaidi, aende kwenye kitabu cha Yona, sura ya kwanza. Wale mabaharia walianza kwa kumlilia kila mtu mungu wake, kisha wakamwomba Mungu wa Yona, ambaye walikuwa wametoka kuelezwa habari zake muda huohuo. Bahari ikatulia. Aliyekuwa mwamini chomboni, yaani Yona, ndiye aliyekuwa amelala wakati wengine wanaomba.

Baba mdogo ana aya yake pia, na haifai kuipuuza. Sura ya Ar-Raad, aya ya 14, inasema maombi ya makafiri ni upotevu mtupu, na maana hiyo inarudi katika Ghafir, aya ya 50. Ila aya haisomwi kwa kipande. Ya Ar-Raad inazungumzia wanaoomba visivyokuwa Mungu, na inawafananisha na mtu anayenyoosha viganja kwenye maji yasiyofika kinywani mwake. Tatizo liko kwa huyo anayeombwa, ambaye hana uwezo. Ya Ghafir ni mazungumzo ya watu wa motoni na walinzi wake, mambo ya Akhera, si ya wodini. Kwa maisha haya ya duniani Kurani inasema jambo jingine, na inalirudia: katika Yunus, katika Al-Israa, na katika Al-Ankabut aya ya 65, washirikina waliobanwa na mawimbi wanamwomba Mungu peke yake, anawaokoa, na wakifika nchi kavu wanarudia ushirikina wao. Yaani Mungu aliwaokoa hali anajua watakayoyafanya wakishuka chomboni. Imamu Al-Qurtubi, aliyefariki mwaka 1273, alipofika kwenye aya ya 62 ya An-Naml, inayomtaja Mungu kuwa ndiye amjibuye mwenye dhiki anapomwomba, alieleza kwamba dhiki ikimkata mtu na kila tegemeo jingine, ombi lake lina nafasi kwa Mungu, awe muumini au kafiri, mtiifu au mwovu. Na hata Iblisi, baada ya kuasi, aliomba apewe muda mpaka Siku ya Kufufuliwa, akapewa muda. Sijui baba mdogo atasema nini kuhusu hilo, lakini ningependa kumsikia.

Sasa ipo hoja nzito kuliko zote, na nashangaa hakuna aliyeitoa hapo nyumbani. Mabaharia wa Yona na washirikina wa jahazini walikuwa na dini. Walikosea nani wa kuabudiwa, hawakutilia shaka kuwa yuko wa kuabudiwa. Kaka yako alisema "kama upo". Na Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, unaonya kuwa mwenye shaka asitegemee kupata kitu kwa Bwana. Hapo ni pagumu, wala sitaparuka. Lakini Yakobo anawaandikia watu waliokwisha kuamini ambao mioyo yao imegawanyika. Anawaonya wao, hajatoa hukumu juu ya kilio cha mtu aliye nje. Aliye karibu zaidi na kaka yako ni yule baba katika Injili ya Marko, sura ya 9, aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu na kuanza ombi lake kwa neno "ukiweza". Alikemewa kwa hilo, akakiri palepale kwamba imani yake imechanganyika na kutoamini, na mtoto akapona. Kukiri upungufu hakukumharibia ombi. Kisha yatazame maneno ya kaka yenyewe: shaka yake hakuipeleka kwa rafiki wala kwenye mjadala, aliipeleka kwa huyohuyo anayemtilia shaka. Hakuomba sanamu, hakujidai ana imani asiyokuwa nayo. Wapo waumini wengi ambao maombi yao hayana ukweli kama huo wake.

Utaniuliza: basi faida ya kuamini ni nini, kama asiyeamini naye anapewa? Swali hilo lina maana tu kama imani ni malipo ya kununulia majibu. Muumini ana ahadi na ana ibada, anaomba hata asipokuwa na shida; asiyeamini anachopata ni ukarimu, na mwenye ukarimu haulizwi kwa nini ametoa.

Wapo pia watakaosema hakuna aliyejibiwa, ni dawa na mazoezi tu. Wanayo ya kusimamia. Nafuu kubwa ya kiharusi huja katika miezi ya mwanzo, na mazoezi ya viungo huisaidia. Mwaka 2006 Herbert Benson na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Miongoni mwa wasiojua kama wanaombewa, waliopata matatizo baada ya upasuaji walikuwa asilimia 52 ya walioombewa na asilimia 51 ya wasioombewa na waombaji wa uchunguzi huo. Kati ya waliohakikishiwa kuwa wanaombewa walikuwa asilimia 59. Hilo halithibitishi kwamba Mungu hayupo, maana Mungu wa vitabu hivi hakuahidi kuingia kwenye majedwali. Linachoonyesha ni kwamba hakuna anayeweza kuchukua nafuu ya mama yako akaigawa: hii ya kanisani, hii ya kwa baba mdogo, ya kaka imerudi kwa mwenyewe. Mjomba akidai yake ilifika, amejuaje?

Kwa sababu hiyohiyo siungani na mama mkubwa, ingawa moyo wake ni mwema. Wale waliookolewa baharini hawakurudi kwa Mungu, na bado waliokolewa. Ombi lililojibiwa si cheti cha imani wala si hati ya deni. Kaka asisimamishwe kanisani kutoa ushuhuda wa jambo ambalo bado analiuliza. Akisimama kwa kushurutishwa, atasema uongo mbele ya madhabahu au atamwaibisha dada wa mama yake mbele ya watu.

Mjibu hivi: vitabu vya pande zote mbili vinaonyesha watu wasioamini wakisikilizwa, kwa hiyo hakuna mwenye haki ya kumwambia ombi lake lilitupwa. Ila kama lilikuwa sababu ya nafuu, hilo hawezi kulijua, na sisi wengine pia hatujui kuhusu yetu. Usiongeze "basi rudi". Ameuliza swali moja, mpe jibu moja. Mjomba mpelekee ile sura ya Yohana, umwombe kwa adabu akusomee mpaka mwisho. Mama mkubwa mwambie Jumapili asimame mwenyewe, ashukuru kwa niaba ya dada yake. Na mazoezi ya mkono wa mama yasikatizwe kwa kuwa ameanza kutembea. Pangeni zamu, kaka akiwemo.