REDIO IPI INAFAA MRADI WAKO?

Wanachama wengi wa chama chetu cha Kiswahili pia ni wanasayansi, na maonyesho ya sayansi yakikaribia swali huwa lile lile: "Jamani, tununue redio gani?" Pesa za mchango ni chache. Wahenga walisema, heri kufikiri kabla ya kutenda. Hebu basi tusome pamoja.

Redio ninayosema si ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni transiva, yaani kibao kidogo kinachotuma na kupokea ujumbe bila waya. Huunganishwa na maikrokontrola, ile kompyuta iliyo ndani ya chipu moja, kama ya bodi ya Arduino Uno. Mradi wetu wa kidato cha tatu ni kupima maji ya tangi lililo mita themanini kutoka jikoni. Maji yakipungua, taa inawaka jikoni mapema, ili wapishi wasikwame saa sita na sisi tukakosa chakula.

Kwanza, masafa. Haya ni idadi ya mawimbi kwa sekunde. Ukitaka urefu wa wimbi kwa mita, gawanya 300 kwa megahezi. Megahezi 433 hutoa sentimita 69, kwa hivyo antena ya robo wimbi ni sentimita 17 hivi. Megahezi 2400 hutoa sentimita 12.5 tu. Kwa kawaida wimbi refu hupenya kuta na majani kuliko lile fupi.

Pili, mipangilio. Transiva nzuri ni ile ambayo programu yako inaweza kuipangia masafa, kasi na nguvu. Nimelinganisha tatu:

(a) nRF24L01+ ya Nordic Semiconductor: megahezi 2400 hadi 2525, kasi ya kilobiti 250 hadi megabiti 2 kwa sekunde.

(b) CC1101 ya Texas Instruments: megahezi 300-348, 387-464 na 779-928, kasi ya kilobiti 0.6 hadi 600.

(c) SX1278 ya Semtech: megahezi 137 hadi 525. Hutumia mtindo wa LoRa, unaokwenda pole pole lakini husikika mbali sana.

Lakini angalia! Chipu yaweza kufika masafa mengi, ilhali kibao chake kimetengenezewa mkanda mmoja. Kibao cha 433 usikipeleke 868 ukitegemea kitasikika vizuri.

Tatu, umeme. Zote tatu hazitaki zaidi ya volti 3.6 hivi, na Uno hutoa ishara za volti 5. Pini za ishara za nRF24L01+ huvumilia, lakini zile nyingine mbili lazima zipunguziwe. Tena, pini ya volti 3.3 ya Uno hutoa miliampea 50 tu. SX1278 ikituma kwa miliwati 100 hula kama 120! CC1101 ikituma kwa miliwati 10 hula kama 30.

Nne, sheria. Masafa nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kabla ya kutuma, mwombe mwalimu mhakikishe mkanda na nguvu zinazoruhusiwa.

Sasa tuamue. Tangi halina habari nyingi, ujumbe mmoja kwa dakika watosha. Kasi ikiwa ndogo, mpokeaji husikiliza mkanda mwembamba, kelele hupungua na umbali huongezeka. Kumbe haraka haraka haina baraka hata kwa redio! Kwa hivyo sisi tumechagua CC1101 ya 433. Mwenye shamba la kilomita kadhaa achague SX1278, na wa chumba kimoja nRF24L01+.

Mwisho, kumbuka kuzipangia redio zote mbili masafa yale yale na kasi ile ile. La sivyo, moja itasema na nyingine isisikie kitu.

MASWALI
1. Antena ya robo wimbi kwa megahezi 868 ni sentimita ngapi?
2. Kwa nini kasi ndogo huongeza umbali?
3. Mradi wako unahitaji redio ipi? Toa sababu mbili.