Tarehe ya Kopo na Kiporo cha Sufuriani

Katika nyumba nyingi za mijini, kopo la maharage lililopitisha kwa wiki moja tarehe yake ya «bora kabla ya» hutupwa bila majadiliano. Asubuhi hiyohiyo, wali uliolala ndani ya sufuria jikoni tangu saa mbili usiku hupashwa moto, na watoto huunywea chai kabla ya kwenda shule. Kitabibu, kinachotia wasiwasi zaidi ni wali.

Tarehe zinazochapwa kwenye vyakula hazisemi jambo moja. «Bora kabla ya» huhusu ubora, yaani ladha, harufu na hali ya chakula. Tambi, biskuti au chakula cha kopo kisichovimba, kisichovuja wala kushika kutu huweza kuliwa hata baada ya siku hiyo. «Tumia kabla ya», au «mwisho wa matumizi», huhusu usalama, na haifai kupuuzwa hata kama chakula hakinuki, kwa kuwa bakteria wengi waletao maradhi hawabadilishi harufu wala rangi. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yasitumike kamwe baada ya tarehe yake. Aidha, tarehe huhesabiwa kwa pakiti ambayo haijafunguliwa. Maziwa yaliyosindikwa kwa joto kali hudumu rafuni kwa miezi, lakini yakishafunguliwa huhitaji jokofu na kutumika ndani ya siku chache, tarehe iseme lisemalo.

Kiporo hakina tarehe, na hapo ndipo penye hatari. Mchele mkavu hubeba viini vya bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambavyo huweza kustahimili moto wa kupikia. Wali ukiachwa katika joto la kawaida la chumba, viini hivyo huchipua, bakteria huzaliana, na baadhi yao hutoa sumu iletayo kutapika. Kupasha moto huua bakteria lakini hakuondoi sumu hiyo. Hili ndilo wengi wasilolijua: wali unaofuka moshi asubuhi huweza kumtapisha mtoto ndani ya nusu saa hadi saa sita. Mara nyingi hali hutulia ndani ya siku moja, ila mtoto mdogo anayetapika hupungukiwa maji upesi.

Shirika la Afya Duniani hushauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wali utandazwe kwenye chombo kipana kisicho na kina ili upoe haraka, ufunikwe, uingizwe kwenye jokofu, na uliwe ndani ya siku moja ukiwa umepashwa hadi katikati. Kaya isiyo na jokofu haina budi kupika kwa kipimo. Desturi ya kuongeza kibaba kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa ni ya heshima, lakini fungu la mgeni huweza kungoja likiwa mchele mbichi. Wali hauchukui muda mrefu kuiva, na mgeni wa Waswahili haji kwa haraka.

Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ilikadiria kuwa kaya duniani zilitupa tani milioni 631 za chakula mwaka 2022, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu. Hata hivyo, kuna chakula kisichostahili kuokolewa. Mahindi na karanga zilizoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiishi kwa kusonga ugali. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 walifariki. Mwaka 2016 mlipuko kama huo uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania. Kuchambua punje zilizobadilika rangi hupunguza sumu, lakini hakuimalizi, kwani punje inayoonekana safi nayo huweza kuwa nayo.

Punje hizo zilizochambuliwa ndizo ambazo mara nyingi hazitupwi. Hupewa kuku, hutengenezewa pombe, au huchanganywa kwenye pumba za ng'ombe, na mwenye nyumba huona hakupoteza kitu. Ng'ombe aliyelishwa sumukuvu huitoa sehemu yake katika maziwa, na maziwa hayo hurudi mezani kwa watoto.