USIACHE MBACHAO: KISA CHA MZABIBU WA TIMORASSO

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Leo hebu tuitazame methali hii shambani, huko Italia. Walimu wasinitilie shaka: somo letu ni mmea, si ulevi!

Karibu na mji wa Tortona, katika jimbo la Piemonte, kaskazini magharibi mwa Italia, wakulima walikuwa na mzabibu wao wa asili uitwao Timorasso. Zabibu zake ni nyeupe na hutengenezewa divai. Mbona basi ukakaribia kupotea?

Sababu ya kwanza ni mdudu mdogo sana aitwaye filoksera, aliyefika Ulaya kutoka Marekani katika karne ya 19. Mwaka wa 1879 alionekana Italia. Mdudu huyu hufyonza mizizi mpaka mzabibu unakauka. Dawa zilizojaribiwa hazikummaliza. Kilichosaidia ni maarifa: wakulima walichukua mashina ya mizabibu ya Kimarekani, ambayo mizizi yake humstahimili, wakapandikiza juu yake vitawi vya mizabibu ya Ulaya.

Sababu ya pili ni binadamu mwenyewe. Kupanda upya kulimlazimu kila mkulima achague. Timorasso ni msumbufu, mara huzaa, mara hupukutisha zabibu zingali changa. Cortese, aina nyingine nyeupe, huzaa kwa wingi. Wewe ungechagua ipi? Wengi walichagua Cortese, na kusema kweli siwalaumu, maana tumbo halingoji.

Hapa ndipo pana hatari. Ukipanda mbegu ya zabibu, mche utakaoota hautakuwa sawa na mama yake. Aina huendelezwa kwa vitawi, kama sisi tunavyopanda muhogo kwa vipande vya shina. Kwa hivyo mzabibu wa mwisho uking'olewa, aina imekwisha. Hata uwe na debe zima la mbegu, hutairudisha ng'o!

Aliyezinduka ni mkulima Walter Massa wa kijiji cha Monleale. Mwaka wa 1987 alitengeneza divai ya Timorasso bila kuichanganya na zabibu nyingine. Ikaonekana kwamba ikikaa chupani miaka kadhaa huzidi kuwa nzuri. Wenzake wakafuata, na leo mashamba ya mzabibu huo yamepita hekta 100. Divai yake huitwa Derthona, jina la kale la Tortona.

Basi tunajifunza kuwa mmea huokoka ukipandwa, na hupandwa ukimpa mwenye shamba faida.

Zoezi
1. Kwa nini mbegu haiwezi kuirudisha aina ya mzabibu iliyopotea?
2. Ukifika nyumbani, muulize nyanya au babu: ni aina gani ya muhogo, viazi vitamu au ndizi iliyopandwa zamani na siku hizi haionekani? Je, nani bado anayo? Mwombe kipande, ukipande kabla mvua haijaisha.