Goti Lililolia Uwanjani

Swali: Daktari, mwanangu yuko kidato cha tatu Kitale, anacheza raga. Amerudi likizo huku Bungoma goti limevimba. Anasema aligeuka ghafla likalia "pa!", wala hakuguswa na mtu. Je, nimkande kwa maji moto?

Jibu: Usimkande, mama. Mlio huo, ukifuatwa na uvimbe ndani ya saa chache, mara nyingi ni kano ya ndani ya goti iliyokatika. Joto na kukanda huzidisha uvimbe. Mpeleke hospitali ya rufaa ya kaunti aonwe na daktari wa mifupa. Eksirei peke yake haitoshi, maana haionyeshi kano. Ikithibitika, raga itasubiri miezi tisa au zaidi, hata timu ikifuzu mashindano ya kitaifa. Mwalimu wa michezo atanung'unika. Mwache.

Wenzake nao, ili wasiumie vivyo hivyo, wazungushwe uwanja mara mbili tu, eti wamepasha misuli? FIFA 11+, programu ya kandanda ya kupasha misuli, huchukua dakika 20, haihitaji vifaa vya bei, na hufunza kutua magoti yakiwa yamekunjwa, bila kuangukia ndani.