SOMO: KUFUNGA MJADALA NA HATIMA YA MSWADA

Wananchi wengi huamini kwamba mswada huishi au hufa siku ile Wajumbe wanapohojiwa nani anaukubali na nani anaukataa. Imani hiyo ni sahihi kwa nusu tu. Kabla ya kuhojiwa huko, mjadala hauna budi ufike mwisho. Kanuni inayoeleza ni nani mwenye uwezo wa kuufikisha mwisho aghalabu ndiyo inayoamua hatima ya mswada. Somo hili linaieleza kanuni hiyo kwa mifano ya Uingereza na Marekani.

Kufunga mjadala ni uamuzi wa chombo cha kutunga sheria kwamba wasemaji waliobaki wasiendelee, na hoja iliyo mbele yao iamuliwe. Uamuzi huo ni tofauti na kuahirisha mjadala, ambako mazungumzo husogezwa wakati mwingine.

Uingereza

Tarehe 31 Januari 1881 wabunge wa Ireland, wakiongozwa na Charles Stewart Parnell, walizungumza mfululizo katika Bunge la Makabwela mjini London. Azma yao ilikuwa kuuzuia mswada wa Serikali wa kuruhusu watu kuwekwa kizuizini nchini Ireland bila ya kuhukumiwa. Kikao kiliendelea usiku na mchana kwa saa 41. Asubuhi ya tarehe 2 Februari, Spika Henry Brand aliukatisha mjadala kwa madaraka yake mwenyewe na kulihoji Bunge.

Mwaka 1882 Bunge hilo lilijiwekea kanuni rasmi. Kwa utaratibu wa sasa, mbunge huomba hoja iamuliwe. Spika anaweza kulikataa ombi akiona kwamba haki ya wachache inavunjwa. Akilikubali, sharti wanaoliunga mkono wawe wengi kuliko wanaolipinga, na wasipungue 100. Hivyo Serikali yenye wabunge wengi haipati taabu kubwa ya kumaliza mjadala, na kinga ya wachache imo mikononi mwa Spika.

Marekani

Seneti ya Marekani ilifuata njia nyingine. Kwa zaidi ya miaka 100 haikuwa na kanuni ya kumkatisha Seneta aliyetaka kuendelea kusema. Tarehe 8 Machi 1917 ilikubali kwamba mjadala utafungwa iwapo thuluthi mbili ya Maseneta waliohudhuria na kupiga kura wataridhia. Kiwango hicho ni kikubwa kuliko kile cha kuupitisha mswada wenyewe, ambao huhitaji zaidi ya nusu tu ya kura. Kwa hiyo Maseneta waliozidi thuluthi moja kidogo waliweza kuuua mswada bila ya kuushinda kwa kura.

Mwaka 1922 jambo hilo lilidhihirika. Leonidas Dyer, Mjumbe kutoka Missouri, alileta mswada wa kuyafanya mauaji yanayotendwa na makundi ya watu wanaojichukulia sheria mikononi kuwa kosa chini ya sheria za Serikali Kuu. Waliouawa kwa njia hiyo wengi wao walikuwa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini. Tarehe 26 Januari 1922 Baraza la Wawakilishi la Marekani liliupitisha kwa kura 231 dhidi ya 119. Ulipofika Seneti, Maseneta wa kusini walizuia shughuli kwa mbinu za kupoteza wakati, na mwezi Desemba mswada ukawekwa kando bila ya kupigiwa kura. Mwaka 1938, kwa mswada mwingine wa aina hiyo, kura ya kufunga mjadala ilipigwa mara mbili na ikashindwa mara zote mbili. Sheria iliyokusudiwa ilitiwa saini tarehe 29 Machi 2022, baada ya miaka 100. Imepewa jina la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955.

Mswada wa haki za raia wa mwaka 1964, uliokataza ubaguzi wa rangi katika mahoteli, mikahawa na ajira, uliikuta kanuni hiyo hiyo. Wapinzani waliongozwa na Seneta Richard Russell wa Georgia. Waliouunga mkono, miongoni mwao Hubert Humphrey wa chama cha Democratic na Everett Dirksen wa Republican, hawakuwa na shaka ya kupata zaidi ya nusu. Walichokitafuta ni kura 67, na ili kuzipata walikubali kurekebisha vifungu kadhaa.

Tarehe 10 Juni kura ya kufunga mjadala ilipigwa. Seneta Clair Engle wa California, ambaye ugonjwa wa ubongo ulimnyima uwezo wa kusema, aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Jina lake lilipoitwa, alinyoosha kidole kwenye jicho lake, kwani kwa Kiingereza "jicho" na "ndiyo" ya bungeni hutamkwa sawa. Kura zilikuwa 71 dhidi ya 29. Siku tisa baadaye mswada ulipita, na Rais Lyndon Johnson akautia saini tarehe 2 Julai.

Mwaka 1975 kiwango kilipunguzwa hadi kura 60 kati ya 100, na miswada iliyo mingi ingali chini ya sharti hilo.

Mafunzo

Kwanza, anayetaka kujua hatima ya mswada asihesabu tu wanaouunga mkono. Aulize pia ni kura ngapi zinazotakiwa ili mjadala ufungwe. Pili, mswada usiopigiwa kura haukukataliwa na wengi. Huenda wengi waliutaka. Tatu, kufunga mjadala si jambo jema wala baya kwa dhati yake. Mwaka 1964 kulifungua mlango wa haki. Mwaka 1881 kulifungua mlango wa kizuizini, na mwezi Oktoba mwaka huo Parnell mwenyewe aliwekwa ndani kwa sheria ile ile aliyokatishwa kuipinga. Ndiyo maana kanuni hiyo hutakiwa ilinde mambo mawili kwa pamoja: haki ya wachache kusikilizwa, na haki ya wengi kufikia uamuzi.