Chakula cha Mgonjwa

Kigongo ni kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mashariki ya Ghuba ya Mwanza. Kwa miaka mingi watu walivuka hapo kwa kivuko kwenda Busisi, hata mwaka 2025 daraja refu likafunguliwa. Samaki, muhogo na viazi vitamu ni vyakula vya kila siku. Hata hivyo, si kila mwenye chakula ajuaye kumlisha mgonjwa.

Mfano wake ni huu. Mtoto mmoja aliachishwa kunyonya kwa kuwa mama yake alipata mtoto mwingine. Tangu hapo akalishwa uji wa muhogo mtupu, asubuhi na jioni. Baada ya miezi michache miguu yake ikavimba, nywele zikageuka rangi ya shaba, naye hakutaka kucheza wala kula. Majirani wakasema, "Mtoto huyu amenenepa." Kumbe ule haukuwa unene, ulikuwa ugonjwa uitwao kwashakoo. Mama akampeleka hospitali mjini Mwanza.

Siku ya pili bibi yake akafika na ugali na sato mzima. Mwuguzi akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, "Marahaba, mwanangu." Mwuguzi akasema, "Chakula hiki ni chema, lakini siku yake haijafika." Bibi akaona uchungu, akajibu, "Mjukuu wangu yu karibu kufa kwa njaa, nawe wampa maziwa kidogo tu?"

Mwuguzi akamweleza kwa upole, "Mwili uliokaa na njaa siku nyingi ni kama moto uliobakiwa na makaa machache. Ukiutupia gogo bichi, utauzima. Ukiutia vijiti vikavu, utawaka. Moyo wa mtoto huyu ni dhaifu, na chakula kingi cha ghafula chaweza kumwua. Kwa hiyo twampa maziwa mepesi yaliyopimwa, kila baada ya saa 2 au 3, mchana na usiku. Uvimbe ukipungua na hamu ikirudi, atapewa maziwa yenye nguvu zaidi. Mwisho atakula chakula cha nyumbani: uji uliotiwa karanga au dagaa waliosagwa, maharage, samaki, mboga na matunda."

Bibi akaketi kando ya kitanda, akakishika kikombe mwenyewe. Usiku alikuwa akiamka kila saa ya maziwa ilipofika. Siku ya nane mtoto akanyosha mkono, akakitaka kikombe kabla hajapewa. Bibi akalia kwa furaha.

Kadhalika kila mgonjwa ana chakula chake. Mwenye kisukari hupunguziwa ugali, huachishwa chai ya sukari, na huongezewa mboga. Lakini haifai ashinde na njaa, hasa akiwa anatumia dawa. Mwenye shinikizo la damu hukatazwa samaki wa chumvi. Mwenye kidonda yafaa apate samaki, mayai au kunde, maana vyakula hivyo hujenga nyama za mwili.

Jambo hili si geni. Florence Nightingale, mwuguzi wa Kiingereza aliyewatunza askari katika vita ya Krimea, aliandika kitabu cha uuguzi mwaka 1859. Humo alionya kuwa mgonjwa aweza kudhoofika kwa njaa ingawa vyakula ni tele, ikiwa hapana mtu aangaliaye wakati na namna ya kumlisha.

Basi, apelekaye chakula hospitalini na amwulize mwuguzi kwanza mambo matatu: mgonjwa ale nini, kiasi gani, na saa ngapi.

Maswali
1. Kwa nini majirani walidhani mtoto amenenepa?
2. Mwuguzi alimkatazia nini bibi, na kwa sababu gani?
3. Nyumbani kwenu kuna vyakula gani vijengavyo mwili?